Mkorosho Namba Kumi na Saba

Nakumbuka asubuhi moja kule Chiungutwa, mwanangu, umande ukiwa bado mzito kwenye majani ya mikorosho. Mtani wangu Mchopa alikuwa amesimama mbele yangu na mashine ya salfa mgongoni, injini inaunguruma, uso umejaa unga wa manjano mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ametoka kupuliza shamba la jirani. Akanyoosha kidole kwenye mistari mitatu ya mikorosho iliyofungwa utepe mwekundu, akapaza sauti juu ya mlio wa mashine.

"Na hii, Baba Rashidi? Niipulize au niiache ife?"

Jibu lililotakiwa lilikuwa "iache," na nililijua. Mistari ile nilipewa niilinde, tena nilipewa na mtu aliyeniamini kuliko alivyoamini watu wengi. Badala yake nikasema, "Pulizia."

Neno lenyewe fupi. Kulijutia kumenichukua miaka yote hii.

Nakueleza kwa sababu juzi ulikuja hapa barazani na barua yako ya chuo, ukaniambia umekubaliwa kusoma shahada ya uzamili. Nilifurahi, nawe uliniona. Lakini ulisema jambo moja likanikosesha raha. Ulisema, "Babu, ni yale yale tu ya shahada ya kwanza, wameongeza miaka miwili." Sikukukatiza siku ile. Mtu akiwa na furaha mpya hupewa nafasi aifurahie kwanza. Leo nakukatiza, wewe na wenzako wote mnaofikiri hivyo, maana na mimi nilifikiri hivyo hivyo, na nilipofikiri hivyo niliharibu kitu ambacho hakikutengenezeka tena.

Mimi elimu yangu ni ya kidato cha nne, unajua. Shuleni nilisifiwa kwa kukariri. Mwalimu akiuliza, mimi ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Nilijua kwamba kila swali lina jibu lake, jibu liko kwenye kitabu, na kitabu kiko kwenye kabati la mwalimu. Kazi ya mwanafunzi ni kulifikia jibu kabla ya kengele. Basi nikadhani kwamba elimu yote iko hivyo mpaka juu kabisa, isipokuwa kadiri unavyopanda vitabu huzidi unene.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka vijijini, maduka ya Masasi yakajaa mitumba na redio, na salfa, ambayo zamani tulikaa kusubiri ushirika utuletee, sasa ikawa inauzwa dukani pamoja na sabuni. Mikorosho tuliyoiacha porini tulipohamia vijijini tukairudia, tukafyeka, tukachoma, tukaanza kuipuliza. Kila mtu alitaka apate, na apate msimu ule ule. Mimi nilikuwa karani wa ushirika. Ushirika ulipodhoofika nikabaki na mwandiko mzuri na siku nyingi zisizo na kazi.

Ndipo akarudi Zuhura. Zuhura ni mtoto wa dada yangu, na kwa desturi yetu wewe unajua mjomba ni nani. Baba humlea mtoto, lakini penye jambo zito watu huuliza, "Mjomba wake amesemaje?" Nilikuwa mjomba wa mtoto wa kwanza katika ukoo wetu kupata shahada. Alipomaliza tulichinja mbuzi, tukapiga ngoma, watu wakala mpaka wakasaza. Kisha mwaka haujaisha, huyo anarudi kijijini na mkoba, kipimo, fremu ya mbao yenye umbo la mraba na madaftari, anasema bado anasoma.

Watu hawakuelewa. Wanawake kisimani wakanong'ona kwamba amerudia darasa. Mchopa hakunong'ona, maana mtani hana haja ya kunong'ona. Alinikuta njiani akanisimamisha.

"Mtani, huyu mpwa wako si tulimlia mbuzi kwamba amemaliza?"

"Amemaliza. Hii ni nyingine."

"Kama hajamaliza mtuambie tujiandae. Sisi mbuzi tulishamla, hatuwezi kumrudisha."

Nilipomsimulia Zuhura, alicheka mpaka akaketi chini. "Mwambie asiwe na wasiwasi, Mjomba. Yule mbuzi alikuwa wa shahada ya kwanza. Wa uzamili atachelewa."

Alikuwa amekuja kusoma miti. Si kusoma kuhusu miti, mwanangu, kuisoma yenyewe. Wakati wa baridi, mikorosho inapochanua, kuna ugonjwa unaoitwa ubwiriunga. Hushuka kwenye majani machanga na maua, ukaona mti mweupe kama umemwagiwa unga wa muhogo, kisha maua hukauka yakawa meusi, na mti uliokauka maua hauna korosho. Dawa yake ni hiyo salfa. Hilo kila mkulima alilijua. Lakini Zuhura alikuwa ameona jambo jingine tangu utoto wake: kwamba mara chache, katikati ya mikorosho inayougua, unaukuta mmoja umesimama mzima bila dawa. Kwa nini? Kuna kitu ndani ya mti ule kinachoukataa ugonjwa, au umechelewa tu kuchanua ugonjwa ukaupita?

Akamwomba mama yake mistari mitatu katika shamba tulilorithi kwa marehemu mama yetu, na shamba jingine la ndugu zetu kule Newala. Mistari ile isipulizwe dawa msimu mzima. Dada yangu akakubali. Nami, kwa sababu ya mwandiko wangu, nikawa msaidizi.

Siku za mwanzo tulihesabu tangu jua linapochomoza. Unaiweka ile fremu ya mraba kwenye tawi, upande wa mashariki, kisha magharibi, kisha kaskazini, kisha kusini, unahesabu mashada ya maua yaliyomo ndani, mangapi mazima, mangapi yameugua, na kwa kiasi gani. Mti mmoja ulitumia muda ambao mimi zamani nilipalilia nusu mstari. Asubuhi moja, tulipoketi pembezoni mwa shamba kula mihogo ya kuchoma, nikamwuliza swali la kidato cha nne.

"Sasa jibu lake ni lipi?"

"Sijui, Mjomba."

"Najua hujafika. Nauliza jibu lenyewe, lile analolijua mwalimu wako."

"Naye hajui."

"Basi nani anajua?"

Akaumenya muhogo taratibu, akasema, "Hakuna."

Mwanangu, niliuweka muhogo chini. Nilitazama ile mikorosho. Nilizaliwa nyumba iliyo umbali wa kutupa jiwe kutoka pale. Nilikula mabibo yake, nilicheza chini yake, nilichapwa kwa fimbo zake. Na sasa naambiwa kwamba ndani ya miti ile kuna jambo ambalo hakuna mtu duniani anayelijua, si mwalimu, si daktari, si mzungu, si waziri. Kabati la mwalimu nililoliamini maisha yangu yote lilifunguliwa mbele yangu nikaona halina kitu. Na huyu mtoto niliyembeba mgongoni alikuwa ameketi anakula muhogo, hana hofu, anasema "sijui" kama mtu mwingine anavyolitaja jina la ukoo wake.

Nikamwambia, "Mimi nilidhani mtu husoma ili asiseme neno hilo."

Akafikiri kidogo. Ndipo akaniambia maneno ambayo nimeyahifadhi mpaka leo, nawe nakukabidhi.

"Mjomba, unajua wanawake wa Newala wanavyoshuka bondeni kuchota maji. Njia imekanyagwa na bibi zao. Aliyetangulia anajua chemchemi ilipo. Kazi yako wewe ni kuamka mapema, kufika, kujaza ndoo na kupanda bila kumwaga. Si kazi ndogo, wengi humwaga. Shahada ya kwanza ilikuwa hivyo. Huku kwenye uzamili wamenisimamisha juu ya tambarare kavu, wakaniambia: huenda kuna maji mahali ambapo hapajachimbwa, tuambie ni wapi, na utuonyeshe kwa nini unasema hivyo."

"Na ukichimba ukakosa?"

"Naandika kwamba hapa sikuyapata, na nilichimba kwa kina hiki. Atakayekuja nyuma yangu asipoteze nguvu zake hapo."

Kumbe hata kukosa huandikwa. Sisi tulifundishwa kwamba kukosa ni sifuri, unarudi nyumbani unaficha karatasi.

Katika mistari ile mitatu ulikuwapo mkorosho namba kumi na saba. Marehemu mama yetu ndiye aliyeupanda, kwa korosho alizozibeba kwenye pembe ya kanga kutoka kwa ndugu zake Newala. Wiki ya tatu ugonjwa ukaja. Namba kumi na sita ukawa mweupe, kumi na nane ukawa mweupe, mstari mzima ukageuka. Kumi na saba ukasimama vile vile, majani yanang'aa, maua yamefunguka, meupe yakigeuka waridi kama yanavyopaswa. Nyuki walikuwa kwake tu.

Zuhura aliuzunguka mti ule mara mbili bila kuugusa.

Nikasema, "Tumepata."

"Hatujapata kitu, Mjomba. Tumeona. Ukivuka mwezi huu hivi hivi, bila dawa, na mimi nimehesabu kila siku, hapo ndipo nitakuwa na haki ya kuanza kuuliza."

Alikuwa anauangalia mti ule jinsi watu wanavyoingia msikitini. Na mimi, ambaye niliujua tangu ukiwa mche, ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona.

Kisha akalazimika kupanda Newala kuhesabu kule, siku tisa. Aliniachia daftari akanipa maelekezo matatu, nayo nayakumbuka kwa mpangilio wake. Alisema, "Mjomba, ukiona mti unakufa, uache ufe. Ukiona ajabu, andika. Na ukikosea kuhesabu usifute. Kata kwa mstari mmoja ili kosa lenyewe lisomeke." Akapanda nyuma ya lori la mizigo, akanipungia mkono.

Siku tatu nililinda. Siku ya nne dada yangu akaja shambani. Hakuwa amefika tangu ugonjwa uanze. Alisimama kwenye mistari ile akaokota maua meusi chini, akayafikicha kwenye viganja, yakawa vumbi.

"Mdogo wangu," akasema, "hii ni miti ya mama."

"Ulikubali mwenyewe, dada."

"Nilikubali sijaiona. Wewe ungekuwa na mtoto anaharisha na dawa ipo dukani, ungekaa unamhesabia mara alizokwenda chooni?" Akakung'uta lile vumbi. "Zuhura ni mtoto. Wewe ndiye mjomba. Sema neno."

Asubuhi yake ndiyo ile niliyoanza nayo. Mchopa alikuwa ametoka Lisekese na mashine yake, anapita shamba hadi shamba, na kabla hajaniuliza lile swali alikuwa ameshaniuma. "Watu wote huku wanalima mikorosho," alisema. "Mpwa wako peke yake analima ukungu. Na wewe ndiye nyapara wake."

Kwetu shamba linalougua ni aibu ya mwenye shamba, kama mtoto mwenye funza. Anayepita njiani hauiti ugonjwa kwa jina lake, huuita kwa jina lako. Ile aibu ilinipanda. Lakini sitaki kumsingizia Mchopa, wala dada yangu. Mchopa aliuliza tu, na dada aliomba. Aliyekuwa na neno ni mimi. Na ndani yangu nilikuwa na hoja, tena niliiona ni hoja ya mtu aliyesoma. Nilijiambia: salfa inaponya, nani asiyejua? Mti usiopulizwa huugua, nani asiyejua? Jibu linajulikana. Huyu mtoto ataliandika tu hata kama miti itapona, na miti ya mama itakuwa imepona. Akili nyingi huondoa maarifa, walisema waliotutangulia. Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu kwamba hakuna anayejua, na bado, saa ya kujaribiwa ilipofika, nilikimbilia kwenye lile kabati la mwalimu.

Nikasema pulizia. Mchopa akaingia, wingu la manjano likapanda kwenye matawi. Alipofika kwenye namba kumi na saba akasita, akanigeukia.

"Huu mbona mzima?"

Hapo, mwanangu, nilipewa nafasi ya pili. Wengi hawapewi. Nikamwambia, "Usibague. Pulizia yote."

Siku zilizofuata niliendelea kuhesabu kwa uaminifu, kama unaweza kuuita uaminifu. Mashada mapya yalitoka safi. Niliandika nilichokiona, kwa mwandiko wangu mzuri. Jambo moja tu sikuliandika.

Zuhura akarudi. Hakupitia nyumbani, alikwenda shambani moja kwa moja na vumbi la safari. Nilimkuta katikati ya mistari ameshika tawi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba."

"Imeanza kupona. Yote mitatu. Mjomba, kuna mtu amepuliza karibu na hapa?"

"Hapana," nikasema. "Nimehesabu mwenyewe kila siku."

Nilimwona akinisadiki. Machozi yalimtoka, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba labda si mti mmoja, labda ni mbegu nzima ya bibi, labda bibi yake alibeba kwenye kanga yake kitu ambacho nchi nzima inakitafuta. Alikwenda Masasi siku ile ile kumpigia simu msimamizi wake. Nami nikabaki pale nimeshika ile fremu ya mbao. Ningeweza kumwita. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeitembea huiona ndefu, hudhani bado anao muda wa kugeuka.

Msimamizi alifika baada ya wiki moja. Nilitarajia mtu mwenye tai. Alishuka mzee mfupi, amevaa viatu vya mpira, akaniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye mistari kimya kimya. Zuhura alimpa daftari, yeye akalishika bila kulifungua. Alikwenda kwenye mti wa kwanza, akainama panapogawanyika matawi, akapitisha kidole kwenye nyufa za gome. Akafanya hivyo mti wa pili. Akafanya hivyo kwenye namba kumi na saba. Kisha akamnyooshea Zuhura kile kidole.

"Nusa."

Zuhura akanusa. Salfa, mwanangu, harufu yake haipotei kwenye nyufa. Alikuwa anaijua harufu ile tangu tumboni mwa mama yake.

"Furaha imekuziba pua," yule mzee akamwambia. Hakumkaripia. "Iliwahi kuniziba na mimi. Ndiyo maana huwa naanza kunusa kabla ya kusoma."

Wote wawili hawakunitazama. Nikasema mwenyewe kwamba ni mimi. Mzee akanigeukia, akanijibu kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi. "Ndugu yangu, ulitaka kuiponya miti. Sioni moyo mbaya hapo. Lakini binti yako alikuwa bado anauliza, nawe ukamjibia. Na jibu ulilompa lilikuwa la swali jingine."

Nilimsubiri Zuhura aseme. Kwetu mpwa hamkemei mjomba wake, nalijua hilo, lakini siku ile nilitamani anikemee. Alifungua daftari, akachukua kalamu.

"Tarehe gani, Mjomba?"

Nikamwambia tarehe. Akaandika. Nikaona anaandika pale pale, chini ya hesabu zangu nadhifu: kwamba siku fulani mistari yote mitatu ilipulizwa salfa kwa amri ya msaidizi, na kwamba hesabu zote za baada ya hapo zisitumike. Hakuandika kwa hasira, mwandiko wake ulikuwa sawa na wa siku zote.

"Chana huo ukurasa," nikamwambia. "Uchane, mama. Tuanze upya."

"Hauchanwi, Mjomba."

Nilishika kichwa. Maisha yangu yote kosa lilikuwa kitu cha kufutwa kabla mwalimu hajaliona. Na huyu, kosa ambalo hata si lake, limemwangusha msimu mzima, analiweka kwa wino mahali ambapo kila msomaji atalikuta. Mbele ya ukweli wa namna ile nilijiona mdogo. Nimesikia hotuba nyingi na mawaidha mengi, lakini sijapata kusimama karibu na kitu safi kama ukurasa ule.

Mkorosho huchanua mara moja kwa mwaka. Ufadhili wake haukuwa wa kusubiri mwaka. Zuhura alimaliza uzamili wake kwa shamba la Newala peke yake, akaandika tasnifu ndogo kuliko aliyoikusudia, juu ya jambo jingine. Walimpa shahada, na alistahili. Namba kumi na saba alisema atakuja kuutazama tena siku moja, akipata nafasi. Msimu wa pili hakupata. Wa tatu, vijana waliokuwa wanawinda panya walichoma majani, moto ukawashinda, ukaingia shambani kwetu. Mikorosho mingine ilichipua. Ule ulikauka mpaka mzizi. Kama ulikuwa na kitu ndani yake, au ulikuwa umechelewa tu kuchanua, hakuna anayejua. Zamani hakuna aliyejua bado. Sasa hakuna atakayejua kamwe. Kati ya hayo mawili liko neno langu moja.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana unaondoka wiki ijayo na mimi sina uhakika wa kukuona ukirudi.

Usiende kule ukitafuta kabati la mwalimu. Shahada ya kwanza umeipata kwa kulifikia jibu la watu, na ni heshima, usiidharau. Bila njia ya bondeni hakuna aliyekunywa. Lakini huko uendako hakuna kengele, wala foleni ya wenzako mnaoshuka pamoja. Msimamizi wako utamwona mara chache, na siku utakayomwuliza akakwambia hajui, usimdharau wala usiogope. Siku hiyo ndiyo umefika. Utasoma vitabu vya watu, si ili uvikariri, ila uone wameishia wapi. Utakaa na swali moja muda mrefu mpaka watu wa nyumbani waseme umerudia darasa, nao watakuletea majibu kwa upendo kabisa. Wapokee kwa adabu, wape chai, lakini usiwape mashine. Ukiona jambo usilolitarajia likakufurahisha, nusa kwanza. Na ukikosea, kata kwa mstari mmoja, kosa lako lisomeke. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Na kama siku moja hutakuwa wewe mwenye swali, ila mtu amekuachia lake ulilinde siku tisa, basi lilinde. Hata kama miti inakufa. Hata kama anayekuomba ni dada yako.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kutosema umeona. Akukutanishe na walimu wasioona haya kusema hawajui. Akulinde na furaha inayoziba pua. Akurudishe nyumbani mzima, nasi tukuchinjie mbuzi wa uzamili, maana Mchopa ni mzee sasa na bado anamwuliza.

Zuhura ni mtu mkubwa leo, amesoma mpaka uzamivu, anasimamia wengine. Kila akija Chiungutwa huanza kwangu. Hunipa shikamoo yangu, huniletea kanzu, huketi nami mpaka chai inapoa. Nikimwuliza kazi inaendaje, hunijibu, "Nzuri, Mjomba," kisha huniuliza habari za mgongo wangu. Zamani nilikuwa mtu ambaye mtoto yule aliweza kumwambia "sijui." Tangu siku ile ya salfa hajaniambia tena neno hilo, na hilo ndilo nililolipoteza.